Vyeti vya Kalenga na Mama wa Likasi

Ukitaka kumjua Mathieu Kalenga, fungua kabati lake la jikoni. Chumvi ina kopo lake, kopo lina karatasi, karatasi ina jina na tarehe ya kuisha. Pilipili vilevile. Hata majani ya chai yana tarehe, na mimi sijawahi kusikia Mkongo aliyetupa majani ya chai kwa kuharibika. Anaishi peke yake Koekelberg, hapa Brussels, ghorofa ya juu kabisa, na kila ninapompelekea sombe, yaani kisamvu, huwa namwuliza kama na mimi ataniandikia tarehe yangu mgongoni. Hacheki. Anaipokea sombe kwa mikono miwili, anaitafutia nafasi kwenye friji, na ninajua nikiondoka tu ataibandika karatasi.

Mimi ni mtu wa Bukavu, yeye wa Lubumbashi, kwa hiyo utani kati yetu haukosi. Huwa namwambia Wakatanga wanazaliwa wakiwa wamevaa tai. Naye hunijibu kwamba watu wa Kivu tunaongea mpaka sufuria inaungua. Lakini nikiweka utani kando, sijakutana na mtu mwaminifu kama yeye katika mji huu, na ndiyo maana jambo lililompata bado linanikera mpaka leo. Mzembe akiharibu, unasema ndivyo alivyo. Kalenga aliharibu kwa sababu ya uangalifu.

Kazi yake iko Saint-Josse, katika kampuni ndogo inayotunza tovuti za watu: saluni, duka la mikate, duka la vitambaa, makanisa mawili matatu. Yeye ndiye mtu wa vyeti vya usalama. Nilimwuliza zamani cheti hicho ni kitu gani, akanieleza kwa subira, maana mimi kazi yangu ni kuogesha wazee na mambo ya mashine siyajui. Alisema cheti ni kitambulisho cha tovuti. Simu yako ikifika mlangoni mwa tovuti, inauliza kwanza, "Wewe nani?" Tovuti inatoa cheti. Lakini cheti hakiaminiki peke yake, lazima kiwe kimetiwa sahihi na cheti kikubwa chake, na hicho nacho kiwe kimetiwa sahihi na kikubwa zaidi, ambacho simu inakijua tangu ilipotoka kiwandani.

"Donc, ni mutoto, baba na babu," nilimwambia.

"Voilà, maman Régine. Umesikia."

Alifurahi sana kwa jibu hilo. Ningejua, ningenyamaza.

Mutuelle yetu, yaani chama cha kusaidiana cha Wakongo, ilikuwa na tovuti yake pia, na Kalenga ndiye aliyeijenga, bila malipo. Ilikuwa tovuti ya matanga. Mtu akifa hapa Brussels, ndugu walioko Kongo hawapati visa kirahisi. Wengine wananyimwa, wengine inawafikia mtu akiwa ameshaoza. Basi tukaamua watamwona mfu wao kupitia tovuti, moja kwa moja, wakati uleule tunapomuaga sisi. Ilikuwa na ukurasa mmoja tu na neno la siri kwa ajili ya familia. Kule nyumbani watu walikusanyika mbele ya televisheni, wakaweka viti uani, wakalia nasi. Hatukutaka kutumia mitandao ya watu wote, kwa sababu kuna msiba mmoja ambao picha za marehemu zilizunguka dunia nzima kabla mama yake hajaambiwa. Baada ya aibu hiyo Kalenga alisimama mkutanoni akapendekeza kwamba kwenye kuaga maiti simu zote zizimwe na ziwekwe kikapuni mlangoni. Tulimpigia makofi.

Kisha akafa Rolande.

Rolande alikuwa mtu wa Likasi, fundi wa kushona, mwenye sauti nene iliyokuwa ikiipoteza kwaya yetu kila Jumapili, na hakuna aliyethubutu kumwambia. Kichwa kilimuuma siku moja kazini, akaketi, hakuinuka tena. Hakuwa na mume wala mtoto hapa. Alikuwa na mama yake tu, maman Thérèse, kule Likasi, na huyo mama hakuwa na mtoto mwingine.

Visa aliomba. Walikataa. Siku hiyo Kalenga alimpigia simu nikiwa nimekaa pembeni yake, kwa sababu mutuelle ilikuwa imetutuma sisi wawili.

"Mathieu, mutoto wangu," maman Thérèse alisema, "mi siombe kintu ingine. Visa balikatala. Bon, balikatala. Lakini nione uso yake mbele bafunge sanduku. Batu banasemaka mingi juu ya Ulaya. Kama sijaona na macho yangu, roho yangu haitakubali kama ni yeye."

"Utamuona, maman. Mbele bafunge, utamuona. Minakupatia parole yangu."

"Parole ya kweli?"

"Ya kweli, maman."

Wiki ileile walifanya jaribio. Jirani yake, mwalimu Nday, alikuwa na kisanduku kidogo cha zamani kilichounganishwa na televisheni kubwa, na intaneti aliipata kupitia modemu, maana simu yake ilikuwa ya vitufe tu. Ukurasa ulifunguka vizuri. Maman Thérèse aliona chumba kitupu cha mutuelle na Kalenga akimpungia mkono, akapunga naye. Mwalimu Nday alikuwa mwanafunzi mzuri wa Kalenga. Kalenga alikuwa amewafundisha watu wote wa nyumbani, kwa ukali kidogo, kwamba mashine ikitoa onyo jekundu kuhusu usalama, wasiendelee kamwe, wasibonyeze chochote, kwa maana ni wezi.

Sasa nifike pale panaponiuma. Siku chache kabla ya kumzika Rolande, Kalenga aliona kwamba cheti cha tovuti ya matanga kilikuwa kinakaribia kuisha. Mtu mwingine angekiacha mpaka msiba upite. Yeye aliogopa kisije kikaisha watu wakiwa mbele ya jeneza. Akapata kipya. Alipokwenda kukiweka akaikuta folda ya mutuelle ikiwa imejaa mafaili ya miaka yote: kipya, kipya cha pili, cha mwisho, cha mwisho kabisa. Vyeti vilivyokufa vimelala pamoja na vilivyo hai. Kwa mtu wa makopo yenye tarehe, unaelewa.

Nilikuwepo. Ilikuwa Jumamosi mchana, mimi nikikunja sare za kwaya kwenye meza yake. Alifungua dirisha jeusi kwenye kompyuta, lile lisilo na picha wala vitufe, akaandika amri. Ana programu moja ndogo anayoipenda kuliko hata televisheni yake. Unaionyesha folda, inafungua kila cheti, inasoma ni cha nani, nani alikitia sahihi, kinaisha lini, kisha inalipa faili jina linaloeleweka na kuliweka mahali pake. Vilivyokwisha inavitenga. Akibonyeza, mistari inapanda, yeye anatikisa kichwa kama anayesikiliza misa. Ile fujo yote ilikaa sawa kabla sijamaliza kukunja sare, na ninakiri hata mimi nilipendezwa.

Ikabaki kazi moja: kuunganisha vyeti vya familia, yaani cha tovuti, cha kati na kile cha juu kabisa, ndani ya faili moja ambalo tovuti italitoa mlangoni. Usipoiambia kitu, programu hiyo inapanga mfuatano yenyewe. Lakini Kalenga hajawahi kuiachia mashine impangie kitu. Akaandika mfuatano kwa mkono wake.

Kwa kina Kalenga kuna adabu yao ya kujitambulisha mbele ya wakubwa. Unasema jina lako kwanza. Kisha unamtaja babu. Baba anakuja nyuma ya babu, maana kumtaja baba kabla ya aliyemzaa ni kumvua babu nguo. Nimemsikia akifanya hivyo kwenye harusi na kwenye misiba: "Ni miye Mathieu. Babu ni Kalenga, baba ni Ilunga." Haimgharimu hata fikra moja, imeshaingia mwilini. Na vyeti akavipanga hivyohivyo. Cha tovuti mbele, kama inavyotakiwa. Kisha cha babu. Kisha cha baba.

Akajaribu kwenye simu yake. Ile alama ya kufuli, inayosema tovuti ni salama, ikajifunga. Akajaribu kwenye kompyuta, kwenye simu yangu, kote sawa. Likasi hakuwauliza, mwalimu Nday alikuwa ameandika kwamba umeme umekatika mtaani, na Kalenga hakutaka kumsumbua mama aliyefiwa kwa majaribio mara mbili.

Kuaga maiti kulifanyika asubuhi katika nyumba ya mazishi iliyoko Berchem-Sainte-Agathe. Papa Ghislain wa mutuelle alisimama mlangoni na kikapu, tukazima simu mmoja mmoja na kuziweka humo. Ndani kulikuwa na baridi ya makusudi. Rolande alikuwa amelazwa vizuri, uso umepumzika, mrembo kuliko alivyokuwa kwenye uchovu wake wa kila siku. Wafanyakazi wa pale walikuwa wapole, lakini saa zao walizitazama, kwa sababu familia nyingine ilikuwa inangoja kwenye korido na maua yake.

Kalenga aliweka kamera kwenye miguu yake mitatu, kompyuta dirishani. Kila kitu kilikuwa kijani. Kompyuta ilimwonyesha nchi za watu wanaotazama: Ubelgiji, Ufaransa, Kanada, na Kongo. Alipoona neno Kongo alinigeukia akanipa ishara kwamba mama yupo. Baadaye tulijua huyo wa Kongo alikuwa binamu wa mbali wa Rolande huko Kolwezi.

Tuliomba. Tuliimba, na kwaya ilikuwa safi bila ile sauti nene, jambo lililotufanya wote tulie vibaya zaidi. Kisha Kalenga akainua kamera, akaisogeza polepole mpaka karibu na uso.

"Maman Thérèse," alisema, "angalia mutoto wako. Ni yeye. Njo Rolande."

Aliishikilia hapo muda mrefu. Mfanyakazi mmoja alikohoa kwa adabu, na Kalenga hakuishusha. Alimpa yule mama muda wote alioweza kuuiba. Halafu wakafunga kifuniko, wakakaza parafujo, wakambeba.

Nje, papa Ghislain alianza kugawa simu. Mmoja akawasha, ikalia. Mwingine akawasha, ikalia. Yangu nayo. Zote zilikuwa ni Likasi. Simu ambazo hazikupokelewa, ujumbe juu ya ujumbe, wa kwanza kwa adabu za ualimu, wa mwisho bila salamu: "Fungueni. Mama analia. Fungueni." Kalenga alisoma wake akiwa amesimama kwenye ngazi. Watu walimpita wakielekea kwenye magari, naye hakusogea.

Mwalimu Nday alitueleza baadaye. Uani walikuwa wamejaa, kanisa zima, mtaa mzima. Maman Thérèse alikuwa amewekwa mbele kabisa, amefunikwa kitenge. Nday akawasha kisanduku, akaingia, na badala ya chumba ukatokea ukurasa wenye onyo jekundu. Akasoma kwa sauti, akawatafsiria watu: muunganisho huu hauaminiki, huenda kuna watu wabaya katikati wanaotaka kuiba. Mtu akapiga kelele, "Bezi ya Bruxelles?" Nday alikumbuka somo lake. Hakubonyeza chochote. Alizima, akawasha, akapata onyo lilelile. Akaanza kupiga simu zetu. Simu zikiwa kikapuni.

Walijaribu simu nyingine pale uani. Hii haina mega za intaneti, ile kioo kimepasuka hakigusiki. Ikapatikana ya msichana aliyekuwa anapita barabarani, mpya, na ukurasa ukafunguka mara moja. Walimkimbizia maman Thérèse. Kamera yetu ilikuwa bado inaendelea kwa sababu Kalenga alikuwa nje, na mle ndani wafanyakazi walikuwa wakipanga viti kwa ajili ya familia inayofuata.

Tulimzika Rolande. Jioni ileile Kalenga alipiga simu Likasi, akaomba nikae naye, nami nikakaa.

"Maman, pardon," alisema. "Pardon mingi. Machine ilikatala kule, lakini tuliregistrer yote. Video iko. Minakutumia sasa hivi, utamuona."

"Mi nilimuona," maman Thérèse alisema.

"Ulimuona, maman?"

"Niliona viti."

"Maman, video…"

"Leo banatengenezaka video ya batu benye kufa banacheka na kusema. Mwalimu alinionyeshaka. Wee uliniambia nitaona mbele bafunge. Saa ya kufunga, mashine ikaandika kama kuko bezi, na batu ba Bruxelles bote bakazima téléphone. Bote, Mathieu. Juu ya nini bote?"

Kalenga alieleza habari ya kikapu. Mimi mwenyewe nikisikiliza niliona jinsi inavyosikika. Nani duniani angeamini kikapu?

"Mulikuwa munaogopa nione nini?" maman Thérèse aliuliza, akakata.

Kesho yake nilimkuta Kalenga kwenye lile dirisha jeusi, bado na shati la mazishi. Kisanduku cha mwalimu Nday ni cha zamani. Simu mpya ukizipa vyeti vimevurugika zinajipangia zenyewe, kile kisanduku hakijui. Kinataka cheti cha tovuti kifuatwe palepale na kile kilichokitia sahihi. Mtoto, baba, babu. Kikikuta mwingine nyuma ya mtoto, kinasema mtoto huyu hana mwenyewe. Kalenga aliiamuru programu imwonyeshe mfuatano, mistari ikatoka mitatu, akaitazama.

"Nilitanguliza babu," alisema.

Nilikuwa nimekuja na hasira, sitaficha. Nilikuwa nimepanga maneno njiani, juu ya watu wanaojipangia hata hewa. Nilipomwona akiweka kidole juu ya ule mstari wa pili kwenye kioo, kama vile unavyomgusa mtu begani kumwomba asogee, maneno yote yakaniisha. Aliandika amri moja fupi. Programu ikapanga yenyewe. Alimwomba mwalimu Nday ajaribu, naye akajibu kwamba sasa inafunguka vizuri sana.

Maji yakimwagika hayazoleki. Kalenga alituma video. Mwalimu aliipeleka kwa maman Thérèse mara nyingi, akakataa hata kuigeukia. Padri alikwenda, akatoka kichwa chini. Kule walitaka kuondoa matanga kama desturi inavyotaka, yeye akawauliza matanga ya nani. Viti vikarudishwa kwa wenyewe. Kufikia mwezi uliofuata alikuwa ameshakiosha kile kitenge cha msiba na kukivaa sokoni kama nguo ya kawaida, na akimkuta mtu anayempa pole anamwambia mwanawe yuko Brussels, kazi ni nyingi, hapati nafasi ya kupiga simu.

Wengine wa mutuelle walisema ni umri. Hakuwa mzee. Alisema tangu mwanzo kwamba asipoona, roho yake haitakubali, na roho yake haikukubali.

Kalenga aliacha tovuti. Aliikabidhi kwa kijana wa Liège, mafaili yote yakiwa na majina na tarehe. Kazini Saint-Josse anaendelea, kwa sababu lazima ale. Amekonda. Ile sombe yangu naikuta imekaa kwenye friji bila karatasi, wakati mwingine imeharibika, natupa bila kusema kitu.

Jumapili iliyopita nilikuwa kwake simu yake ilipolia. Aliiweka sauti kubwa juu ya meza, nadhani kwa sababu alikuwa amechoka kuisikia peke yake. Ndipo nilipojua kwamba maman Thérèse humpigia kila Jumapili baada ya misa. Kumbe hakumchukia. Kalenga ndiye mtu pekee wa Brussels ambaye bado anaongea naye, kwa sababu sisi wengine tulikuwa tumemwambia ukweli mara nyingi mno.

Walisalimiana. Maman Thérèse alimwuliza kuhusu kazi. Kisha akauliza, kwa sauti ya kawaida kabisa, ya mama yeyote, Rolande anaendeleaje.

Nilimtazama Kalenga. Nilitaka kuinyakua ile simu. Nilitaka kusema: mwache mama wa watu, usimdanganye, yuko chini ya udongo na sisi wote tulimmwagia. Kalenga aliinua mkono kunizuia, bila kuniangalia.

"Anaendelea muzuri, maman."

"Hapa banasema kule baridi imeanza. Ule mutoto haogopaka baridi, anatokaka vile vile tu. Eko na koti?"

"Eko nalo, maman," Kalenga alijibu. "Ya laine, ya kutia joto. Eko nalo."